Mitamba Wanne Niliowapeleka Shishiyu

Bariadi,
Jumapili jioni

Ng'wana wane, mwanangu Kabula,

Mama yako ameshakwambia mara tatu tangu asubuhi namna ya kufunga begi, nani wa kumpigia simu ukifika, na kwamba maji ya Dar es Salaam lazima yachemshwe. Mimi sirudii. Yeye ana ya kwake na mimi ninayo ya kwangu, na ya kwangu nimeyachelewesha kwa miaka mingi kuliko umri wako. Nimefunga duka mapema. Jirani yangu wa mbegu ameniuliza kama naumwa, nikamwambia niko mzima kuliko jana.

Unanijua. Mimi si mtu wa kujishusha. Naweza kumtazama ng'ombe aliye ng'ambo ya barabara nikakwambia ana minyoo, ana ndigana, au amechoka tu na mwenye kumfuga. Wafugaji wanatoka Meatu kuja kuniuliza mimi, wakati maduka ya dawa za mifugo yapo hukohuko kwao. Kwa hiyo usisome barua hii ukadhani imeandikwa na mzee aliyevunjika. Nina kosa moja kubwa, nalijua lilivyo, na nataka ulisikie kutoka kinywani mwangu kabla hujaingia nyumbani kwa mjomba wako Sayi, utakakokaa ukisomea dawa.

Nianze na yule baunsa.

Unamkumbuka, yule jamaa wa ukumbi wa stendi mwenye shingo nene, aliyekuja dukani wiki ile matokeo yako ya kidato cha sita yalipotoka. Alikuja na picha ya dawa kwenye simu, akataka nimwagizie. Mimi nikamwambia hapa tunauza dawa za mifugo. Akanijibu bila aibu, "Mzee, si mnazo za kunenepesha madume? Lakini hata hivyo mimi sitaki steroidi. Hizi ni mpya, zinachagua msuli peke yake." Wewe ulikuwa unapanga dawa za kuogeshea. Ukaacha kazi, ukaja mbele ya kaunta, ukamsemesha kwa upole kuliko nilivyomsemesha mimi.

"Kaka, ngoja nikueleze. Homoni ya kiume inatembea kwenye damu mwili mzima, lakini haifanyi kitu mpaka ishike kipokezi chake ndani ya seli. Steroidi za maabara zimeigwa kutoka kwenye homoni hiyo, zikabadilishwa kidogo zisivunjwe haraka. Hizi zako mpya hazifanani nayo kwa umbo, ila zinashika kipokezi kilekile."

"Si ndiyo nzuri? Zinashika cha kwenye msuli tu."

"Zinajaribu. Kwenye msuli zinaamsha zaidi, kwingine kidogo. Kidogo siyo hakuna. Na ubongo ukiona vipokezi vimekaliwa, unafikiri homoni ipo ya kutosha, unaamuru kiwanda chako mwenyewe kifungwe."

"Kiwanda kipi?"

Ukaangalia chini. "Kile unachokijua wewe, kaka."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Baunsa aliondoka, na sidhani kama alinunua kwingine. Ndipo nikakuuliza, kama mtu anayeuliza tu, "Na jike je?" Ukanijibu bila kufikiri, huku umeshageukia makopo yako, "Jike naye anavyo, baba. Kwenye msuli, kwenye koo, kwenye ngozi, kwenye ovari, kwenye ubongo. Ukimjaza homoni ya dume anajenga mwili, lakini ubongo unaacha kuiamrisha ovari. Hapati joto, hashiki mimba. Ukimwanzishia akiwa mdogo, mengine hayarudi tena." Ukaendelea kupanga. Mimi nikaenda nyuma ya duka, nikakaa juu ya gunia la pumba, na machozi yakanitoka. Ulidhani ni vumbi la pumba, ukaniletea maji.

Sasa nikupeleke nyuma.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilinikuta nikiwa bwana mifugo kijana. Serikali ikaanza kupunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Majosho yakaachwa yakauke. Papo hapo, vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia kwa majina vikaanza kumwagika masokoni: sabuni zenye harufu, baiskeli za gia, mitumba, na dawa. Dawa za kila namna, zimetoka kila upande, zinauzwa na watu ambao juzi walikuwa wanauza dagaa. Zamani dawa ilikuja na muhuri na daftari na mkubwa wa kukuuliza imekwenda wapi. Sasa hakukuwa na wa kuuliza. Nisikudanganye, Kabula, niliipenda hali ile. Nilijiona nimefunguliwa kamba. Nilinunua mkoba, bomba za sindano na jiko dogo la kuchemshia, nikawa natembea vijiji vya Itilima kwa baiskeli, na watu wakaniita daktari. Sikuwakatalia.

Wakati huohuo nilikuwa nimempenda mama yako. Yeye wa Shishiyu, sisi wa Migato. Babu yako, baba yangu, alikuwa tayari kunikwea, yaani kunitolea ng'ombe wa mahari, na wakwe walikuwa wameshataja idadi yao. Tatizo lilikuwa kiangazi cha mwaka ule. Ng'ombe wazima walikuwa wanasimama kwa shida. Katika kundi la mahari walikuwemo mitamba wanne, bado wadogo, na walikuwa mbavu tupu. Babu yako akasema tungoje mvua, mwakani watakuwa wameshiba. Alisema sawa kabisa. Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja wa Maswa mjini, mwenye redio ya kaseti, aliyekuwa amezoea mno kupita mbele ya nyumba yao. Mimi nikaona mwakani ni mbali.

Hapo unaweza kunicheka. Mama yako mwenyewe anasema mwalimu yule hakuwahi hata kumsalimia vizuri.

Nilikwenda Lamadi siku ya soko. Mchuuzi mmoja aliyetoka mpakani alinifungulia begi lake, akanionyesha chupa ya mafuta ya rangi ya asali. Akaniambia ng'ombe akichomwa hii, baada ya miezi miwili mwenyewe hutamtambua. Kilikuwa kitu kilekile ulichomweleza baunsa, homoni ya dume iliyotengenezwa maabara. Karatasi yake ilikuwa ndani ya boksi, ya Kiingereza, maandishi ya sisimizi. Mchuuzi hakujua kuisoma. Mimi nilijua. Nilisoma kipimo, nikasoma mahali pa kuchoma, na kule chini nikasoma kwamba asipewe jike anayetunzwa kwa ajili ya kuzaa. Nilisoma mara mbili, Kabula. Kisha nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni. Nikajiambia wazungu wanaandika tahadhari nyingi kwa sababu ya kuogopa kesi.

Nimetafuta miaka yote mahali pa kumlaumu mtu mwingine katika habari hii na sijapapata. Mchuuzi hakujua, babu yako alinikataza haraka, karatasi ilisema ukweli. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma.

Nikawachoma kila wiki, na kwa kuwa kipimo cha kwenye karatasi nilikiona kidogo, nikakizidisha. Walianza kujaa. Mapaja yakatokeza, shingo zikanenepa, manyoya yakang'aa kiangazini wakati ng'ombe wa majirani walikuwa wanasukumwa ili wasimame. Babu yako aliniuliza nawapa nini, nikasema vitamini. Wakwe walipokuja kukagua, mzee Ng'wandu, babu yako wa Shishiyu, aliingia zizini mwenyewe, akawapapasa mmojammoja, kama ilivyo haki ya baba wa binti kumkataa ng'ombe asiyemridhisha. Alifika kwa wale mitamba akacheka kwa sauti.

"Hii shingo! Huyu mtamba au dume? Kijana, wewe ng'ombe unawajua."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hakukataliwa hata mmoja. Mama yako akaja Migato, na kwa miezi michache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Hilo nalo ni kweli, na siwezi kulifuta kwa sababu ya yaliyofuata.

Yaliyofuata ni haya. Kwao mama yako, wale mitamba wanne walitengwa kwa ajili ya kaka yake, Sayi. Ndivyo inavyokwenda kwetu, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Sayi alikuwa na msichana wake kijiji cha Lingeka, jina lake Holo, na nasikia walikuwa wanapendana hata mbele za watu, jambo ambalo siku zile lilihitaji ujasiri. Wazee wa Lingeka wakaja Shishiyu kuwaona ng'ombe. Wakawakuta mitamba wanapandana wenyewe kwa wenyewe, wanaparua ardhi kwa kwato, wananguruma kama madume, na dume halisi akisogea wanampiga pembe. Mmoja alikuwa na sura ya dume usoni kabisa. Wale wazee hawakubishana. Walisema hawaingizi mkosi nyumbani kwao, wakaaga. Wakangojewa msimu mzima, mitamba hawakushika mimba. Holo akaolewa kwingine.

Na mkosi lazima uwe na mwenyewe. Mganga aliitwa, akasema mkono umetoka ndani ya boma. Katika boma lile, aliyekuwa akishinda na ng'ombe, aliyewakamua na kuwafungulia, alikuwa bibi yako Minza, mke mdogo wa mzee Ng'wandu. Alikuwa hajazaa. Unaona walivyounganisha. Hawakumpiga, Mungu alisaidia, kwa maana wengine siku zile walifanyiwa mabaya zaidi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini walimjengea kibanda nje ya ua, wakamkataza kukaribia zizi, na watoto wakaambiwa wasipokee chakula mkononi mwake. Wewe mwenyewe ulikuwa unakatazwa na shangazi zako, ukaniuliza kwa nini, nikakwambia bibi anapenda kukaa peke yake.

Sayi akapanda lori la pamba, akaenda Dar es Salaam. Anarudi kwenye misiba tu, na akirudi anapita mbele ya kibanda cha bibi Minza kama anapita mbele ya kichuguu. Huyo ndiye aliyemnyang'anya Holo, ndivyo anavyoamini mpaka leo.

Kabla hajaondoka waliniita mimi. Si mkwe tu, bwana mifugo. Mzee Ng'wandu aliniweka mbele ya watu, akasema, huyu amesoma, atuambie kama hawa ng'ombe wana ugonjwa. Bibi Minza alikuwa amesimama nyuma ya wanawake wenzake, ananiangalia. Niliwakagua mitamba kwa makini sana. Nikapima joto, nikafunua midomo, nikasema, "Ugonjwa sijauona." Kila neno lilikuwa la kweli. Nikanawa mikono, nikapanda baiskeli. Kama ningesema maneno matano zaidi, mama yule angelala nyumbani kwake usiku ule.

Kwa nini sikusema? Niliogopa watamchukua mama yako. Ng'ombe wangeonekana wa udanganyifu, na mwanamke ambaye mahari yake ni ya udanganyifu angerudi kwao na mimba yake, na mtoto angekuwa wao. Yule mtoto ni kaka yako mkubwa. Nilijiambia nalinda familia. Lakini kaka yako akazaliwa, akaja dada yako, ukaja wewe, hakuna tena ambaye angeweza kumchukua mama yenu, na bado sikusema. Hapo ilikuwa aibu tu, na aibu ikikaa sana mtu anaizoea.

Nilikuwa na kisingizio kimoja kilichonisaidia kulala. Nilijiambia sina hakika. Nilijua dawa inajenga msuli, nilijua karatasi ilikataza, lakini sikujua njia ya kutoka kwenye sindano ya paja mpaka kwenye tumbo lisiloshika mimba. Labda ilikuwa kitu kingine. Halafu wewe, mtoto niliyemlipia ada kwa duka hilihili, ukanifafanulia kwa dakika mbili ukiwa na kopo mkononi.

Nimelielewa kwa namna yangu. Kipokezi ni kigoda cha mgeni. Mwili umeweka kigoda cha namna moja katika nyumba nyingi, na anayekikalia, nyumba nzima inamsikiliza, awe ni yule aliyetarajiwa au aliyeingia kwa nguo ya kuazima. Mimi nilidhani nimempeleka mgeni nyumba moja, kwenye msuli. Kumbe amekalia vigoda vyote. Kazi yote ya kisayansi ninayosikia inaendelea huko duniani, hizo molekuli mpya za baunsa, ni kumtafuta mgeni atakayeingia nyumba moja na kuziruka nyingine. Labda ninyi mtampata. Natamani mumpate, kwa sababu wako wagonjwa waliokonda vitandani ambao wangesimama kwa dawa hiyo. Ila ukikaa nyuma ya kaunta yako, mtu akikwambia dawa hii inakwenda mahali pamoja tu, muulize ameangalia nyumba ngapi.

Na karatasi za kwenye maboksi, zisome mpaka chini, hasa ukijiona unaharakisha. Mimi nilisoma, nikaharakisha kupuuza nisichokitaka. Hilo ndilo peke yake nitakalokwambia juu ya kazi yako, mengine utayajua kuliko mimi, na kwa kweli umeshaanza.

Nilimweleza mama yako kwanza. Alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akasema, "Kwa hiyo mimi nimeolewa kwa sindano?" Nikadhani atacheka. Hakucheka. Siku mbili tulikula bila kusemezana, ulidhani tumegombana juu ya nauli yako. Siku ya tatu akaniambia, "Nenda kwa mama Minza. Uende mwenyewe."

Nilikwenda Alhamisi. Unajua adabu yetu kwa mama mkwe, simtazami usoni, siingii kwake, sili mbele yake. Basi nilichuchumaa nje ya kibanda chake, nimeupa mlango mgongo, na yeye akakaa ndani. Tuliulizana habari za mvua na za watoto, kama kawaida. Kisha nikasema yote, nikiwa naangalia shamba la dengu la watu. Nilipomaliza nikafikiri ameondoka kwa mlango wa nyuma, nikakumbuka hana mlango wa nyuma.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilijua, mayu."

"Siku ile ulipowapima joto?"

"Siku ile nilijua."

Halafu akasema, kwa sauti ndogo, maneno ambayo nayasikia hata sasa. "Mimi nilifikiri labda ni kweli. Nilifikiri labda ninao huo mkono na mimi mwenyewe siujui. Nina mbuzi watatu, baba. Sijawahi kuwakamua. Nilikuwa namwita mtoto wa jirani awakamue, ili niwaepushe na mimi."

Nilijua nimemnyima nyumba. Nilijua nimemnyima jina. Sikujua kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa anaiogopa mikono yake. Nililia pale nje kama mtoto mdogo, mtu mzima na mvi zangu, na wapita njia wakaona. Yeye hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia amenisamehe. Alingoja nimalize, akauliza, "Na Sayi, nani atamwambia?"

Nikamjibu nimefikiri kumwandikia Sayi barua, uibebe wewe, kwa kuwa unakwenda kukaa kwake.

"Mtoto?" akasema. "Utamtuma mtoto akaseme mlangoni, halafu alale humohumo?"

Ijumaa niliwaita shemeji zangu na wazee wote wa Shishiyu, nikayasema mbele ya boma lile lile, nimesimama. Kulikuwa na kelele, na mmoja alinishika shati. Sawa. Nimekubaliana nao juu ya ng'ombe, wamekwenda wanne wenye ndama. Bibi Minza alikuwa akisikiliza nyuma ya wanawake, pale pale alipokuwa amesimama zamani, na safari hii nilimtaja kwa jina lake na heshima yake. Jana mke wa mjomba wako mdogo alionekana akimtuma mtoto kwake kuomba moto. Ni kidogo, lakini watu wameona.

Amebaki Sayi. Nimemkataza kila mtu asimpigie simu. Sijui atafanya nini, Kabula, na sitajifanya najua. Ni mtu aliyeishi nusu ya maisha yake akimchukia mwanamke ambaye hakumfanyia kitu, na kuniita mimi shemeji mwema. Anaweza kunipiga. Anaweza kukukataa kwa ajili yangu, na hilo ndilo linaloniuma ninapoandika, maana ni chumba chako na masomo yako. Akikataa, nimeshaulizia hosteli ya chuo, ipo nafasi. Masomo utasoma.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako sasa hivi. Isome usiku huu, unichukie usiku huu kama itabidi, una haki. Alfajiri utakapopanda basi utanikuta nimekaa kiti cha dirishani, na cha pembeni ni chako. Usiniambie kitu mpaka tuvuke Shinyanga, ukitaka. Tukifika kwa Sayi, wewe simama nyuma na begi lako. Nitabisha hodi mimi.

Baba yako.